Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupaka kotingi pistoni na beringi za injini

Wakuu habari zenu. Mimi kazi yangu ni mashine shopu, kuchonga krenki (ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni), kuchimba silinda, kupiga honi (kusugua ukuta wa silinda uwe na mistari ya kushika oili), na miaka ya karibuni tumeongeza na hii ya kupaka kotingi pistoni na beringi (vile vipande vya metali laini ambavyo krenki inazungukia ndani yake) kabla injini haijafungwa. Kila wiki napokea meseji zile zile, wengine wananitumia picha ya pistoni saa nne usiku wanauliza kama inapakika, sasa nimekaa nimeyajibu yote hapa ili mtu asome kwa utulivu kabla hajaleta mzigo. Nimeandika kwa urefu makusudi kwa sababu hii kazi ikifanywa nusu nusu inaua injini ya mtu, na injini ya mtu mara nyingi ndio mkate wa nyumbani kwake.

Kotingi ni nini hasa, si ni rangi tu?

Hapana, siyo rangi, ingawa inapulizwa kwa bunduki kama rangi. Ni utando mwembamba unaoshikana na chuma na una kazi maalum, na ziko za aina tatu ambazo watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni kilainishi kikavu. Ndani yake kuna unga wa molibdenamu disalfaidi, au grafaiti, au tefloni, au mchanganyiko wake, umeshikwa na gundi ngumu ya rezini. Hii ndio inakwenda kwenye sketi ya pistoni, yaani sehemu yake ya chini inayosugua ukuta wa silinda, na kwenye uso wa beringi. Ule unga wa molibdenamu umejipanga tabaka tabaka kama karata mpya, ukiweka kidole juu ya pakti ya karata mpya na kusukuma zinateremka zenyewe, basi ndivyo inavyofanya kazi, chuma kikigusana na chuma mwenzake zile tabaka zinateleza badala ya chuma kulana.

Ya pili ni seramiki, inakwenda kichwani mwa pistoni kuzuia joto. Ya tatu ni ya kukimbiza oili, inapakwa sehemu ambazo hutaki oili ing'ang'anie, mfano kwenye krenki yenyewe pale kwenye vizito au ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ili oili irudi chini haraka. Hii ya tatu kwa magari ya kawaida ya barabarani siwashauri watu watumie hela yao, ni mambo ya mashindano zaidi.

Kama oili ipo, kuna haja gani ya kupaka?

Hili ndio swali zuri kuliko yote. Injini ikiwa inazunguka vizuri na presha ya oili ipo, krenki haigusi beringi kabisa, inaelea juu ya oili. Krenki inavyozunguka inaivuta oili iingie kwenye ule uwazi mwembamba kati yake na beringi, na huko oili inajenga presha kubwa sana kuliko ile unayoiona kwenye geji. Katika hali hiyo kotingi haina kazi, imekaa tu.

Shida ni zile sekunde ambazo oili haipo. Gari imelala usiku mzima, oili yote imeshuka kwenye sampu, krenki imekaa kwa uzito wake juu ya beringi ya chini, asubuhi unapiga stata na chuma kinaanza kusugua chuma mpaka pampu ivute oili na kuisukuma ifike juu. Pistoni nayo ni hivyo hivyo, sketi inaanza kupanda na kushuka kwenye ukuta wa silinda uliobakiwa na oili kidogo. Sasa jumlisha hizo asubuhi zote kwa mwaka mzima. Alafu kuna dereva anayepanda Kitonga na mzigo, gia kubwa, injini inazunguka polepole na mguu umezama kwenye mafuta, hapo presha juu ya beringi ni kubwa na kasi ya krenki ya kujenga ule utando wa oili ni ndogo. Au injini imechemsha, oili imekuwa nyepesi kama maji. Au bodaboda ambaye oili imepungua na hajui.

Kotingi ni ya hizo nyakati. Ndio maana hata viwanda vya beringi vimeanza kuweka utando wa polima kwenye beringi za magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni na kujiwasha, kwa sababu gari hizo zinawashwa mara nyingi mno kwa siku na beringi za kawaida hazikuundwa kwa mateso hayo.

Hii teknolojia ni ya juzi?

Wazo ni la kale. Mmarekani Isaac Babbitt alipata hati yake ya beringi zenye metali laini mwaka 1839, na mpaka leo metali nyeupe ya beringi inaitwa kwa jina lake. Akili ni ile ile, weka kitu laini juu ya kitu kigumu ili kile laini kiumie badala ya krenki. Pistoni nazo zilipakwa bati viwandani miaka mingi ili zizoeane na silinda bila kukwaruzana. Chevrolet Vega ya 1971 ilikuja na bloku ya aluminiamu isiyo na slivu (bomba la chuma ndani ya silinda), ikabidi sketi za pistoni zipakwe utando wa chuma ili aluminiamu isisugue aluminiamu.

Na kama una Hilux au Prado yenye injini ya 1GD, ile lita 2.8 iliyoanza 2015, tayari unaendesha pistoni yenye kotingi kichwani. Toyota waliifanya sehemu ya juu ya pistoni iwe na tabaka lenye vitundu vidogo sana lililoimarishwa na silika, linapata joto haraka na kupoa haraka, lengo joto lisipotelee kwenye pistoni bali lisukume gari. Kwahiyo mtu akikwambia kotingi ni mambo ya vijana wa mbio mwoneshe Hilux ya mzee wake.

Injini yangu inagonga, nikipaka beringi kotingi itanyamaza?

Haitanyamaza. Naomba hili lieleweke maana ndilo linaloleta ugomvi. Injini ikishaanza kugonga chini maana yake uwazi kati ya krenki na beringi umeshazidi, au krenki imeshaliwa na kuwa yai, au konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, imepinda tundu lake. Kotingi ya beringi ina unene wa mikroni 7 au 8 hivi. Mikroni 1 ni milimita 1 ukiigawa mara 1000. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Sasa utazibaje pengo la injini iliyokula beringi kwa kitu ambacho ni sehemu ya kumi ya unywele?

Injini inayogonga inashushwa, krenki inapimwa kwa mikromita, ikihitaji inachongwa kwenda 0.25 au 0.50 ya milimita au hapo panapofaa, konrodi zinapimwa uduara, alafu beringi mpya za saizi hiyo ndio zinaweza kupakwa. Na kabla ya yote tafuta kwanini ilikula beringi. Pampu ya oili? Oili chafu? Kuna ndugu yetu mmoja alileta krenki ya Subaru, tukaichonga, tukapaka beringi vizuri kabisa, akarudi na injini imekula tena, kumbe kule ilikofungwa hawakusafisha oili kula (kile kipozeo cha oili), vyuma vya ile ajali ya kwanza vilikuwa vimejificha mle ndani vyote. Kotingi haiwezi kitu mbele ya vumbi la chuma.

Klirensi (ule uwazi) itabadilika? Nimwambie nini fundi anayechonga?

Itabadilika na lazima umwambie KABLA hajachonga. Nawawekea hesabu moja ya beringi muione.

Tuseme krenki ina milimita 48 pale kwenye konrodi, na umepima uwazi kwa beringi zisizopakwa umepata 0.045 ya milimita. Kotingi ni 0.008 kwa kila kipande cha beringi, na vipande ni viwili, cha juu na cha chini, kwahiyo inakula 0.016. Umebakiwa na 0.029. Kama kitabu cha injini hiyo kinasema isipungue 0.030 basi umeshavuka, na kama kilikuwa kinaruhusu hadi 0.060 hapo fundi angechonga krenki kidogo zaidi mambo yangekaa sawa. Tena wapo watengenezaji wanaouza beringi zenye herufi X kwenye namba, hizo zinaongeza uwazi kama elfu moja ya inchi, yaani 0.025 ya milimita, na zinasaidia sana kwenye kazi hii.

Kuna watu watakwambia kotingi inajisaga yenyewe baada ya muda mfupi kwahiyo usihesabu. Kweli inalala kidogo na kung'aa pale juu, ila mimi sifungi injini ya mtu kwa kutegemea kwamba kitu kitajisaga. Pima na kotingi ikiwa juu. Kama huna geji ya ndani tumia plastigeji, ule uzi wa plastiki unaoukandamiza kati ya beringi na krenki, alafu unalinganisha upana wake na karatasi yake. Hiyo haidanganyi sana na bei yake ni ndogo.

Kwa pistoni sheria yangu ni moja, pistoni inapakwa kwanza, silinda inachimbwa baadaye. Sketi inapakwa pande mbili, kama ni 0.015 kila upande basi kipenyo kimeongezeka 0.030, na kwenye injini ambayo uwazi wake wote ni 0.05 hiyo siyo ndogo. Ukichimba silinda kwanza ukaleta pistoni nikupakie baadaye tunaweza kujikuta pistoni inabana ikipata moto, na kumbuka aluminiamu inavimba kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Pistoni ikishapakwa tunaipima pale mahali mtengenezaji alipoelekeza, chini kwenye sketi, upande unaokatana na pini inayoishika kwenye konrodi, kwa sababu pistoni siyo duara kama watu wanavyodhani, ni yai na tena juu ni nyembamba kuliko chini. Ukipima popote unapojisikia utapata namba yoyote unayojisikia.

Tofauti ni pistoni iliyopakwa kiwandani. Hiyo saizi aliyoandika mtengenezaji kichwani mwa pistoni mara nyingi ameshaihesabu na kotingi yake, baadhi wanaacha hadi vidoti visivyopakwa ili upimie hapo. Fuata namba yake, usiongeze yako.

Ni sehemu gani hazitakiwi kupakwa?

Kwenye beringi usipake mgongo. Mgongo wa beringi unatakiwa ukae chuma kwa chuma kwenye konrodi au bloku, hapo ndipo joto linapopitia kwenda nje na hapo ndipo beringi inapong'ang'ania isizunguke. Ukipaka mgongoni umeiwekea kilainishi mahali ambapo unataka ishike. Na zile ncha mbili zinapokutana nusu na nusu nazo ziachwe safi, na tundu la oili lisiwe na hata tone.

Kwenye pistoni funika mifereji ya ringi (zile pete zinazozunguka pistoni) yote, tundu la pini, na vile vitundu vya kurudisha oili nyuma ya ringi ya oili. Ringi zenyewe usiziguse, uso wake umeshawekewa kromu au molibdenamu kiwandani na unatakiwa usuguane na silinda mpaka zizoeane, ukizilainisha hazitazoeana na gari itakula oili.

Mbona mnachukua siku nyingi, kupuliza si dakika kumi?

Kupuliza kweli ni dakika kumi. Kazi iko kwenye kusafisha, na hapa ndipo wengi wanaharibu.

Pistoni mpya tunaiosha na sabuni ya grisi, tunaisuuza maji ya moto, alafu asetoni. Petroli hapana, petroli inaacha mafuta yake pale juu hata kama unaona imekauka. Baada ya hapo sketi inapigwa unga wa aluminiamu oksaidi kwa presha ndogo, siyo kuichimba, ni kuitoa mng'ao tu ili ipate ukwaru wa kushika dawa. Ukipitisha ukucha unausikia unakwama kidogo, kama kupitisha kwenye ganda la yai. Ikifika hapo inatosha.

Kipimo changu ni cha maji. Unachukua pistoni iliyosafishwa unaimwagia maji safi kwenye sketi na kuiangalia kwenye mwanga. Kama maji yanatandaa kama shuka na kukaa hivyo, safi. Kama yanakatika na kujikusanya matone matone kama maji juu ya jani la muhogo, bado kuna mafuta, rudi mwanzo. Sijawahi kuona kotingi iliyobanduka kwenye pistoni iliyofaulu kipimo hicho na ikaokwa sawa. Baada ya hapo hakuna kushika kwa mkono mtupu, jasho la kidole peke yake linatosha kuacha alama ambayo dawa haitashika.

Beringi ni tofauti kabisa na naomba mnisikilize. Uso wa beringi ni laini, umeumbwa ili uchafu uzame humo usikwaruze krenki. Sasa ukiipiga na mchanga kwa presha ya pistoni ule mchanga unazama na kubaki mle mle, umeshageuza beringi kuwa msasa. Beringi inataka unga laini sana na presha ya chini kabisa kwa mtu mwenye uzoefu, au isuguliwe kwa pedi laini tu, alafu ioshwe na kuoshwa tena. Ukiwa huna uhakika nunua beringi zilizopakwa kiwandani, nakwambia hivyo ingawa nakosa kazi.

Mwanzoni kabisa niliwahi kukosea mwenyewe. Ilikuwa pistoni 4 za Hiace, niliacha kuziba vile vitundu vya nyuma ya ringi ya oili wakati wa kupiga vishanga vya glasi. Niliosha, nikaona safi. Vishanga vilikuwa vimejibana mle ndani na vilitoka injini ilipopata moto na oili kuanza kupita. Gari ilirudi baada ya wiki mbili, silinda zina mistari. Nilizichimba upya na kununua pistoni kwa hela yangu, na yule mzee mwenye gari alikaa siku 9 bila kazi, hilo ndio liliniuma. Tangu siku hiyo kila kitundu napitisha waya, kisha napuliza upepo, kisha namulika na tochi, kimoja kimoja.

Naweza kupaka mwenyewe nyumbani?

Pistoni, ukiwa mvumilivu, inawezekana. Zipo dawa zinazokauka kwa hewa bila oveni, ila zinataka siku kadhaa mpaka zikomae, baadhi siku 5, na ugumu wake mara nyingi haufiki wa zile za kuoka. Bunduki iwe ndogo, ile ya kupulizia vitu vidogo, kompresa iwe na filta ya maji maana matone ya maji yakitoka na upepo kazi imeharibika. Tikisa dawa kila mara kwa sababu ule unga unazama chini, mtu anapuliza nusu ya kwanza gundi tupu na nusu ya mwisho unga mtupu. Pitisha nyembamba. Ukiona imeanza kung'aa maji maji umezidisha. Kotingi nene inabanduka, nyembamba inashika.

Za kuoka fuata karatasi ya dawa, nyingi ziko kati ya nyuzi 150 na 190 kwa saa moja hivi, na hesabu inaanza pistoni yenyewe ikifika joto hilo, siyo oveni ikifika. Weka kipima joto kinachogusa pistoni. Mimi sipitishi 200 kwa sababu aluminiamu ya pistoni imekomazwa kiwandani kwa joto la maeneo hayo na ukiipikia zaidi inalegea. Beringi nazo ndani yake zina bati, na bati linayeyuka kwenye 232, usicheze karibu na hapo.

Na oveni ya kupikia keki ya watoto USIITUMIE. Hata ukiiosha. Nunua mbovu mtumba ukae nayo karakana.

Nitajuaje imekomaa?

Chukua pamba, lowesha asetoni, sugua sehemu moja mara kama 20. Rangi ya kijivu kidogo kwenye pamba ni kawaida, huo ni unga wa juu. Pamba ikitoka nyeusi na chuma kinaanza kuonekana, haijaiva. Kipimo hiki hiki kitakusaidia dukani ukikutana na pistoni za kijivu cheusi unazoambiwa ni orijino, kwa sababu kuna feki zilizochapwa wino tu kwenye sketi ili zifanane. Wino unatoka wote.

Pistoni zilizotumika zinapakika?

Zinapakika kama bado ni nzima. Tunatoa kaboni, tunapima kipenyo, tunapima upana wa mfereji wa ringi ya juu kwa fila (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na ringi mpya, tunaangalia nyufa pale kwenye tundu la pini. Mfereji ukiwa umepanuka pistoni hiyo imekufa, kotingi ya sketi haisaidii kitu. Pistoni zilizotumika tunazioka tupu kwanza kabla ya kusafisha mara ya mwisho, na utashangaa, pistoni uliyoiona safi kabisa inatoa jasho la oili ya kahawia kutoka kwenye vitundu vya chuma chake. Ukipaka bila kufanya hivyo ile oili inatoka wakati wa kuoka na kuinua dawa kama malengelenge.

Mikwaruzo midogo ya sketi inakubalika ikisawazishwa. Zipo pia kotingi nene za kujisaga zenyewe zinazoweza kuziba uwazi kiasi kwenye sketi iliyolegea, ila hizo ni dawa nyingine na utaratibu mwingine, usitumie dawa ya kawaida kupaka tabaka kumi ukidhani umepata hiyo.

Seramiki kichwani kwa dizeli yangu ya kawaida, ina faida?

Kwa gari inayotembea standadi, siyo sana. Faida kubwa iko kwa injini iliyoongezewa turbo au mafuta, ambayo vichwa vya pistoni vinaungua. Moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2000 na aluminiamu ya pistoni inaanza kuyeyuka kabla hata ya 600, kinachoiokoa ni kwamba moto ni wa muda mfupi na joto linapita kwenye ringi na oili kwenda nje. Seramiki inapunguza joto linaloingia, oili ya chini inapumua.

Ila ikibanduka ni ngumu kama jiwe la msasa, na inapita kwenye ringi au inakwenda kwenye turbo. Ndio maana kichwani nakuwa mkali zaidi hata kuliko kwenye sketi. Na pima umbali wa pistoni na silinda hedi upya, dizeli hapo huwa pembamba sana.

Na injini za boti?

Hizi nazipenda. Zile mashine za mistroku miwili wanazotumia wavuvi, oili inakuja imechanganywa kwenye petroli, yaani sketi inaishi kwa oili kidogo sana wakati wote na bado inapita mbele ya madirisha ya silinda, yale matundu ya kuingizia na kutolea hewa, kila mzunguko. Mvuvi akikosea kuchanganya siku moja pistoni inashika katikati ya maji. Kotingi ya sketi inampa nafasi. Hakikisha tu kingo za madirisha zimelainishwa, kingo kali inaparua kotingi kama wembe.

Silinda nayo mnapaka?

Hapana. Silinda ya chuma inataka honi yenye mistari ya kukatana inayoshika oili. Zipo silinda za aluminiamu zilizopakwa kiwandani nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, maarufu Nikasil, ambayo Mahle wa Ujerumani waliileta 1967. Ni ngumu ajabu, ingawa miaka ya 1990 baadhi ya injini za BMW na Jaguar ziliharibika utando huo kwa petroli yenye salfa nyingi. Silinda ya namna hiyo usimpe fundi aichimbe kama ya kawaida, na hakikisha unajua ringi zake ni zipi.

Nikimwaga zile dawa za kijivu kwenye oili si ni kitu kile kile?

Siyo kile kile. Ile inaelea kwenye oili na inatoka na oili. Hii imegandishwa kwenye chuma.

Inadumu muda gani?

Inategemea oili na filta kuliko inavyotegemea mimi. Mwaka jana tulifungua injini ya daladala kwa sababu ya gasketi, beringi tulizipaka sisi na gari ilishatembea kama kilomita 60,000. Nilizitoa moja moja nikazipanga kwenye gazeti. Katikati ya kila kipande cha chini palikuwa pameng'aa kama sarafu iliyokaa mfukoni, rangi ya risasi, na ukienda pembeni ule weusi mkavu wa siku ya kwanza ulikuwa bado upo. Kwenye moja kulikuwa na mstari mwembamba, chembe ilipita, ilikwaruza kotingi ikaishia hapo, chini yake metali ya beringi haijaguswa na krenki haina alama. Tulizirudisha zile zile.

Vipi kuhusu afya?

Msidharau. Dawa nyingi zina kemikali kali za kuyeyushia, nyingine zinadhuru uzazi, na tefloni ikipata joto kupita kiasi inatoa moshi wa sumu. Vaa maski ya filta za kemikali, siyo ile ya kitambaa, glavu, na pawe na upepo. Na vijana wanaopiga mchanga wa mto au wa ufukweni kavu kavu bila maski, jamani, ule mchanga ni silika, vumbi lake linakaa kwenye mapafu na halitoki, na ugonjwa wake hauponi. Tumieni aluminiamu oksaidi ndani ya kabati lililofungwa. Nawaomba sana kwa hili.

Nikishafunga niwashe vipi?

Kama injini yoyote mpya. Kotingi haiondoi oili ya kufungia, paka kila kitu kama kawaida. Jaza filta oili kama imekaa wima, zungusha stata bila kuwasha mpaka taa ya oili izime au geji inyanyuke, ndio uwashe. Usiiache imesimama inaunguruma polepole nusu saa, iendeshe mzigo mdogo ukipanda na kushuka kasi ili ringi zizoeane. Badilisha oili mapema ile ya kwanza, mimi nasema kilomita 500, na ikate filta uangalie ndani. Ukiona vijiganda vyeusi vinavyopondeka kwa kidole nipigie simu siku hiyo hiyo, usisubiri.

Nikija nilete nini?

Lete pistoni bila ringi na bila pini, beringi ndani ya boksi lake, krenki na bloku kama bado hazijachongwa, na namba ya injini. Kama umeshapima andika vipimo kwenye karatasi, na kama fundi wako ndiye alipima njoo naye, tupime tena pamoja kwa mikromita ya hapa. Usisafishe kwa petroli kwa ajili yetu, leta na uchafu wake, kuna mengi tunayaona kwenye ule uchafu.